Mtoto Aliaye Bila Sauti

Juma hili nilikuwa nimeahidi kuzungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Habari hiyo itangoja kidogo, maana imenifikia barua isiyoweza kungoja.

Aliyeiandika ni mama mmoja, mke wa koplo wa jeshi, ambaye mumewe yuko mbali kikazi. Mtoto wao wa kiume ana umri wa miezi saba. Alizaliwa na pumzi ya kukoroma. Akilia sana midomo yake hugeuka rangi ya samawati. Na baada ya kulazwa hospitalini mara nne madaktari waligundua kwamba koo lake la pumzi ni laini mno, halina nguvu ya kukaa wazi. Wakampasua shingoni na kumtia bomba dogo la kupumulia. Sasa mtoto ameruhusiwa kurudi kambini, na mama anauliza mambo matatu. Je, ni kosa lake yeye mtoto kuzaliwa hivyo? Atamlindaje usiku akiwa peke yake? Na mtoto huyu atasema lini "mama"?

Yafaa niseme tangu mwanzo kwamba mimi si daktari. Nina cheti cha ualimu, na kazi yangu serikalini ni ya mezani. Lakini jambo hili nalijua kwa karibu kuliko mengi niliyokwisha kuyaandika katika ukurasa huu, kwa sababu mtoto wa ndugu yangu, ambaye ni konstebo wa polisi, amepumua kwa shingo tangu alipokuwa na miezi mitano. Leo ana miaka miwili na nusu. Nusu ya haya nitakayoyasema nimefundishwa na wifi yangu, na nusu nyingine na wauguzi na madaktari niliowasumbua kwa maswali.

Tuanze na lile bomba la maumbile. Weka kidole shingoni mwako, chini kidogo ya kikoromeo, ukibonyeze polepole. Utahisi kitu kigumu chenye vilima na mabonde. Hizo ni pete za gegedu, yaani ule mfupa laini kama wa sikio. Pete zenyewe ni kati ya 16 na 20, lakini si duara kamili. Kila moja ina umbo la mwezi mchanga, na upande wake wa nyuma, unaogusana na umio wa chakula, umefungwa kwa utando na msuli tu. Kwa mtu mzima koo hili la pumzi lina urefu wa sentimeta 10 hadi 12. Kwa mtoto mchanga lina kama sentimeta 4, na upana wake haufikii unene wa kalamu ya risasi.

Kazi ya pete ni kulizuia koo lisijifunge. Tunapovuta pumzi, kifua hupanuka, na sehemu ya koo iliyomo kifuani hupanuka nacho. Tunapotoa pumzi, kifua hubana, na koo nalo hubanwa. Pete zikiwa imara, nafasi ya hewa hupungua kidogo tu. Zikiwa laini, au utando wa nyuma ukiwa mpana kupita kiasi, kuta za mbele na nyuma huangukiana. Madaktari huuita ugonjwa huo trakeomalasia. Huhesabu kwamba upo pale nafasi ya hewa inapopungua kupita nusu. Ikipungua kupita asilimia 90, hali huwa ni mbaya sana.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na hata mimi nilikosea. Tunadhani mtoto wa namna hii hawezi kuvuta hewa. Aghalabu kuvuta anaweza. Kinachomshinda ni kuitoa. Hewa imeingia kifuani, mlango umejifunga, nayo imebaki ndani. Akilia au akikohoa, misuli ya kifua hukaza zaidi, na koo huzidi kubanwa. Kadiri anavyokazana ndivyo anavyojiziba. Sehemu iliyo laini ikiwa juu, shingoni, mambo hugeuka: kelele husikika anapovuta pumzi. Kwa hiyo daktari akikuuliza, "Mama, mlio huo ni wa kuingia au wa kutoka?" usimwone kuwa anapoteza wakati.

Kikohozi cha watoto hawa hubweka. Kifua chao hukamatwa na homa ya mapafu mara kwa mara, kwa kuwa makohozi hayapati njia ya kutoka. Wengi hutibiwa pumu kwa miezi mingi bila nafuu. Mtoto wetu alipewa dawa ya pumu ya kupuliza, na kila alipopewa wifi yangu aliapa kwamba mlio ulizidi. Tulimcheka. Baadaye daktari wa koo akatueleza kwamba dawa zile hulegeza misuli, na msuli wa nyuma ya koo ni mojawapo ya vitu vichache vinavyolishikilia koo lililolegea. Kwa baadhi ya watoto hawa dawa hizo huweza kuzidisha taabu. Sisemi mzazi yeyote amwachishe mtoto dawa kwa sababu amesoma gazetini. Nasema mweleze daktari unachokiona, tena ukirudie asipokusikia mara ya kwanza.

Sasa nijibu swali la kwanza. La, mama, si kosa lako. Watoto wengine huumbwa hivyo tumboni, na hawana ugonjwa mwingine wowote. Mwaka 2005 madaktari wa Rotterdam, Uholanzi, walikadiria kwamba angalau mtoto mmoja katika kila 2100 huzaliwa na ulegevu wa njia za hewa wa namna hii. Wengine ni wale waliozaliwa umio wao wa chakula ukiwa umekatika au umeungana na koo la pumzi. Hata baada ya kupasuliwa na kutengenezwa, koo hubaki laini. Wengine wana mshipa mkubwa wa damu uliopita mahali pasipo pake, ukaligandamiza koo. Wengine walizaliwa njiti, wakakaa muda mrefu katika mashine ya kupumulia. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachotokana na chakula ulichokula ukiwa mjamzito, wala mtu uliyemcheka, wala jirani aliyekutazama kwa jicho baya. Wifi yangu aliambiwa yote hayo na watu wa kwao na wa kwetu, na nakiri kwamba mmoja wao alikuwa shangazi yangu.

Tena wengi wa watoto wenye ulegevu mdogo au wa wastani hupata nafuu wenyewe wanapokaribia miaka miwili, maana gegedu hukomaa na koo hupanuka. Bomba la shingoni huwekwa kwa wachache ambao hawawezi kuufikia umri huo bila msaada.

Bomba hilo lasaidia namna mbili. Kwanza, hewa hupita shingoni bila kuzunguka puani na kinywani. Pili, likifika chini ya mahali palipolegea, huwa kama nguzo ndani ya shimo, linazizuia kuta zisianguke. Lakini angalieni: ikiwa ulegevu uko chini zaidi, karibu na pale koo linapogawanyika kwenda mapafu mawili, ncha ya bomba la kawaida haifiki. Hapo madaktari hutafuta bomba refu zaidi, au humwunganisha mtoto na mashine inayosukuma hewa ndani kwa nguvu kidogo wakati wote, ili hewa yenyewe iwe ndiyo nguzo. Kwa hiyo mabomba hayalingani. Bomba la mtoto wa jirani, hata kama ni wa rika moja na wako, si la kuazima. Namba iliyoandikwa kwenye bavu la bomba la mwanao, na urefu wake, uandike mahali unapoandika namba ya askari ya mumeo, uijue kwa moyo.

Kupumua kwa shingo si jambo geni duniani. Mwaka 1952 polio iliuvamia mji wa Copenhagen, Denmark, na wagonjwa wengi, watoto kwa wakubwa, wakapooza misuli ya kupumulia. Daktari Bjørn Ibsen akashauri wapasuliwe shingoni, watiwe bomba, na hewa isukumwe kwa mkono kwa kuminya mfuko wa mpira. Mashine hazikutosha, basi wanafunzi wa udaktari wakapanga zamu. Kiasi cha wanafunzi 1500 kwa jumla waliketi kando ya vitanda, mchana na usiku, kwa miezi, kila mmoja akimpumulia mgonjwa wake kwa kiganja. Askari aliyewahi kukaa lindo la saa nane za usiku ataelewa kazi hiyo kuliko ninavyoweza kuieleza. Mfuko ule ujijazao hewa wenyewe, ambao leo tunauona katika magari ya wagonjwa, ulianza kutengenezwa hukohuko Denmark mwaka 1956.

Upasuaji wa kulisaidia koo lenyewe upo pia. Robert Gross wa Boston, Marekani, alieleza tangu mwaka 1948 namna ya kuuvuta mbele mshipa mkubwa wa damu unaoligandamiza koo na kuushonea kwenye mfupa wa kidari, ili nafasi ipatikane. Na mwezi wa Februari 2012, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Glenn Green na Scott Hollister walimtengenezea mtoto wa miezi mitatu banzi dogo la plastiki kwa mashine inayochapa vitu badala ya maneno, wakifuata picha za kifua chake mwenyewe. Banzi likashonwa kuuzunguka mrija wa pafu uliokuwa ukijifunga. Siku 21 baadaye akaachishwa mashine ya kupumulia. Plastiki hiyo huyeyuka yenyewe mwilini baada ya miaka michache, wakati ambapo mrija umekwisha kupata nguvu. Nawaeleza haya kwa kuwa ni kweli na yanatia moyo. Lakini tafadhali, mtu asiuze ng'ombe wake kwa kumfuata mtu mjini anayeahidi banzi la Michigan. Ni watoto wachache mno waliopata kuwekewa, tena kwa idhini ya pekee.

Turudi nyumbani, ambako ndiko vita vilipo.

Wifi yangu alipotoka hospitalini, hospitali kubwa ambayo sitaitaja, alipewa mtoto, barua ya kurudi baada ya majuma sita, na mpira mmoja wa kufyonzea makohozi. Hakupewa bomba la akiba. Hakuonyeshwa namna ya kulibadilisha lililokuwamo. Muuguzi aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa na wagonjwa wengi kupita kiasi, nami simhukumu. Lakini mama akiruhusiwa kwenda nyumbani namna hiyo ni sawa na askari kupelekwa doria na risasi moja. Wifi yangu alikwisha kufika langoni, akasimama, akarudi wodini, akaketi juu ya benchi, akamwambia muuguzi, "Dada, siondoki. Nionyeshe litakapoziba nitafanyaje." Akakaa siku mbili zaidi. Siku ya pili muuguzi mmoja mzee, aliyekaribia kustaafu, akamketisha, akamfunga mwanasesere wa matambara bomba shingoni, akamfanya alitoe na kulirudisha mara ishirini. Kisha akamfanya abadilishe lile la mtoto mwenyewe, mbele ya daktari.

Mama uliyeniandikia, kama hujafanya hivyo, rudi ukafanye. Kabla ya kwenda nyumbani, watu wawili wa nyumba moja wawe wamebadilisha bomba kwa mikono yao wenyewe mbele ya mtaalamu. Mmoja hatoshi, maana mmoja huugua, hulala, huenda sokoni.

Kisha andaa mfuko. Wetu ni mfuko wa begani wa kijeshi ambao kaka yangu aliupata kwa rafiki yake, nao hauachi upande wa mtoto, hata akienda msalani. Ndani yake mna bomba la akiba la namba ileile, bomba jingine dogo kwa namba moja, tepe za kufungia shingoni zilizokwisha kukatwa, mkasi usio na ncha kali, mipira ya kufyonzea, bomba kubwa la sindano, shashi safi, maji ya chumvi ya hospitali, tochi, na mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono ikiwa mmefaulu kuupata. Kila Jumapili wifi yangu huyakagua yote juu ya mkeka, mmojammoja, kama ukaguzi wa vifaa kambini. Alianza kwa mzaha. Sasa si mzaha tena.

Makohozi ndiyo adui wa kila siku. Pua ya mtu huipasha hewa joto, huilowesha na kuichuja. Mtoto huyu hewa humwingia ikiwa kavu na yenye vumbi, makohozi yake hukauka na kuganda ndani ya bomba. Tena mabomba madogo ya watoto wachanga kwa kawaida hayana bomba la ndani la kuchomoa na kuosha, kama yalivyo ya watu wazima. Likiziba, limeziba lote. Kwa hiyo fyonza kila usikiapo mlio wa kutokota, kila uonapo povu, kila asubuhi aamkapo, na kabla ya kula. Osha mikono kwa sabuni kwanza. Mpira wa kufyonzea uingie mpaka mwisho wa bomba tu, usizidi. Pima kwa kulinganisha na lile la akiba, utie alama ya wino. Ukipitiliza, ncha hukwaruza ukuta wa koo. Mahali pa jeraha huota kinyama, na kinyama hicho huja kuziba njia chini ya bomba, pasipoonekana. Kila mfyonzo usizidi sekunde tano hadi kumi. Kuna muuguzi aliyenifundisha kuizuia pumzi yangu mwenyewe wakati wa kufyonza. Nikianza kuitaka hewa, na mtoto anaitaka.

Umeme ukikatika, mashine ya kufyonza inakuwa samani. Ulizia ile ya kukanyaga kwa mguu. Ikikosekana kabisa, mpira uliochomekwa kwenye bomba kubwa la sindano huvuta, si vizuri sana, lakini huvuta.

Nilisema jambo hili nalijua kwa karibu. Ilikuwa Januari, wakati wa kiangazi, mtoto ana mwaka mmoja na mwezi mmoja. Wanakaa katika moja ya vile vibanda vya bati ambavyo polisi huviita unipoti; mchana ni tanuri, na vumbi hupenya kila mahali. Kaka yangu alikuwa lindo la benki mjini. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Kama saa tisa za usiku wifi yangu aliamshwa na kitu ambacho hakuweza kukieleza, maana mtoto mwenye bomba shingoni halii kwa sauti; hewa hutokea chini ya mahali sauti inapoumbwa. Hupanua kinywa, uso ukakunjamana, machozi yakatoka, na chumba kikawa kimya kama vile amelala. Akawasha tochi. Mtoto alikuwa wima kitandani, kinywa wazi, mbavu zimeingia ndani, ulimi umebadilika rangi.

Akatia mpira wa kufyonzea. Haukupita. Akajaribu tena mara moja, haukupita. Hapo hapana kufikiri tena. Alimpa binti yao mkubwa, wa miaka kumi, ashike tochi. Akakata tepe, akalichomoa bomba, akaliingiza la akiba kwa kulipindisha kufuata mzingo wake kama alivyofundishwa na yule mama mzee, akalishikilia kwa vidole viwili. Mtoto akakohoa. Kikatoka kikohozi kikubwa chenye upepo, na kifua kikaanza kwenda. Anasema haikupita muda wa kuhesabu hadi ishirini. Ndani ya bomba la zamani mlikuwa na donge gumu, la rangi ya ukoko wa ugali. Binti hakuitikisa tochi hata kidogo. Alianza kutetemeka asubuhi, akaenda shuleni akitetemeka.

Lau bomba la akiba lingegoma kuingia, angejaribu lile dogo. Lau nalo lingegoma, na mtoto haanzi kupumua, angempulizia hewa kwa kinywa chake moja kwa moja kwenye tundu la shingoni huku ameziba pua na kinywa cha mtoto, na binti angekimbia kuita majirani na gari. Mambo haya hayafai kusomwa mara ya kwanza saa tisa za usiku. Mwombe muuguzi akufanyishe mazoezi. Na hata mambo yakiisha vizuri nyumbani, asubuhi mtoto apelekwe akaangaliwe.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya watoto wenye koo lililolegea peke yao, nayo humdanganya hata mzazi mzoefu. Mtoto amekasirika au amelia, anabadilika rangi. Unatia mpira nao unapita bila taabu. Bomba ni safi, lakini kifua hakiendi. Hapo kilichojifunga ni koo lenyewe chini ya bomba. Kulifyonza tena na tena ni kumzidishia hasira. Mwinue, mtulize kwa sauti na mkono, na ikiwa mfuko wa hewa upo mmefundishwa kuutumia, sukuma polepole na kwa uthabiti, hewa iende ikaufungue ukuta. Asiporudi upesi katika hali yake, ni safari ya hospitali, tena siyo kesho. Hali hiyo ikianza kutokea mara kwa mara, pengine bomba limekuwa fupi kwa kuwa mtoto amekua, au kinyama kimeota nchani. Madaktari wataingiza kamera ndogo watazame.

Mengine nitayapitia upesi, kwani mama yeyote mwenye busara atayafikia mwenyewe. Tepe ya shingo iruhusu kidole kimoja kupita, si zaidi wala si pungufu, na watu wawili wawepo wakati wa kuibadilisha. Sigiri isiwashwe chumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma, marashi ya kupuliza, poda ya mtoto, yote hayo yakae mbali, na kuku wasilale ndani. Shanga na hirizi za shingoni zitolewe. Asiyeridhika na azifunge mkononi. Maji ya kuoga yawe ya kina cha vidole vitatu, mtoto akiwa ameketi, na asiachwe hata kwa muda wa kufungua mlango. Nguo ziwe za kufungua mbele. Alishwe akiwa ameinuliwa, maana chakula kinachorudi kutoka tumboni hulichoma koo. Chanjo zote azipate kwa wakati. Ile ya kuzuia homa ya mapafu ya vimelea vya nimonia imekuwa ikitolewa nchini Uganda kwa watoto tangu mwaka 2013, na mtoto huyu anaihitaji kuliko mwingine.

Maneno haya sasa ni ya waume. Kaka yangu, ambaye nimemwona akimkamata mwizi mwenye panga, kwa miezi mingi hakuweza kulitazama lile tundu. Alileta mshahara, alileta dawa, alisimama mlangoni akiuliza "anaendeleaje?" Baada ya usiku ule wa Januari aliketi juu ya mkeka, akamwambia mkewe, "Nifundishe." Mikono yake ilitoka jasho mpaka bomba likamteleza. Leo hulibadilisha peke yake, na zamu ya kuamka kati ya saa sita na saa kumi za usiku ni yake kila siku ambayo hayuko lindoni. Alipopewa uhamisho kwenda kituo cha mbali kisicho na umeme, alikwenda kwa afande wake akiwa na barua ya daktari na bomba la akiba mfukoni. Akaliweka mezani na kueleza kazi yake. Uhamisho uliahirishwa. Si kila mkuu atakuwa hivyo, lakini mkuu asiyeelezwa hawezi kujua, na barua ya daktari haigharimu kitu.

Mama, mumeo yuko mbali. Basi mtu wako wa pili atakuwa nani? Mke wa sajini wa nyumba ya pili? Mama yako, akija kutoka kijijini? Yeyote umchaguaye, afundishwe hospitalini kama ulivyofundishwa wewe. Wauguzi wa zahanati ya kambi nao waonyeshwe mtoto huyu sasa, akiwa mzima, wasimkute kwa mara ya kwanza akiwa hapumui.

Limebaki swali la tatu. Sauti ya mwanao haijafa. Imekosa upepo tu. Anapoendelea kukua, koo likapanuka, hewa kidogo hupita kando ya bomba na kupanda juu, nawe utasikia mguno. Kipo pia kifuniko kidogo cha kuzungumzia, chenye mlango wa upande mmoja, kilichobuniwa katika miaka ya 1980 na David Muir, kijana Mmarekani ambaye mwenyewe alikuwa akipumua kwa bomba na mashine. Hewa huingia shingoni, lakini kwa kutoka hulazimika kupita kinywani, na njiani huiamsha sauti. Kwa mtoto mwenye koo lililolegea kifuniko hiki ni lazima kijaribiwe na mtaalamu kwanza, maana kama hewa haina njia ya kutosha ya kwenda juu, humziba. Na hakivaliwi usingizini. Kwa sasa zungumza naye kama unavyozungumza na mtoto mwingine yeyote, mwimbie, mwonyeshe ishara za mikono za maziwa, maji, njoo, basi. Masikio yake ni mazima na yanaweka akiba.

Na kwa usiku, fanya kama alivyofanya wifi yangu tangu Januari ile. Alichukua njuga za miguu, zile wanazovalishwa watoto wanapojifunza kutembea, akazishona imara juu ya soksi. Kitanda cha mtoto kinagusana na chake, naye hulala usingizi wa askari. Akirusha mguu mara moja, mama yuko macho. Mtoto mwenyewe amekwisha kuigundua siri hiyo. Siku hizi, akitaka uji, hupiga mguu chini mara mbili, na asipoitikiwa hupiga mara tatu.

Habari ya dumuzi itakuja juma lijalo.